Mawe ya shaba 4.2% yenye fedha gramu 38 kwa tani: tuloweke kwenye asidi au tuyeyushe tanurini?

MbaleYaKijani

Habari wakuu. Tuna leseni ndogo ya shaba huku Mpwapwa na lundo la mawe kama tani 60 limeshapandishwa juu. Mengi ni ya kijani, machache ya buluu, na kadiri duara (shimo la kuchimbia) linavyoshuka yanaanza kutoka yenye mng'ao wa njano. Sampuli iliyochanganywa kutoka lundo zima imetoa majibu haya maabara: shaba 4.2%, chuma 9%, chokaa (CaO) 6%, fedha gramu 38 kwa tani.

Wanunuzi wa mawe ghafi bei yao iko chini mno, kwa hiyo tunataka kuchenjua wenyewe. Kuna anayetuambia tuloweke kwenye asidi ya salfuriki halafu tutumbukize chuma chakavu, shaba itajitoa yenyewe. Mwingine anasema tujenge tanuri la mkaa tuyeyushe moja kwa moja. Naomba wenye ujuzi: asidi ni kiasi gani kwa tani, chuma chakavu kiasi gani, hiyo fedha tunaipataje, na je, chuma hicho cha 9% kina faida yoyote?

Mchenjuaji

Mkuu, karatasi ya maabara uliyonayo bado haijajibu swali la kwanza. Hiyo 4.2% ni shaba yote, ya kijani na ya njano kwa pamoja. Ya kijani ni malakaiti, ya buluu ni azuraiti, na zote mbili zinayeyuka kwenye asidi baridi bila shida. Ya njano ni kalkopairiti, shaba iliyofungwa pamoja na chuma na salfa. Hiyo unaweza kuiloweka mwezi mzima ikatoka na mng'ao wake uleule. Rudisha sampuli uombe kipimo cha "shaba inayoyeyuka kwenye asidi". Wakikupa 3.6 kati ya 4.2, endelea. Wakikupa 2, chambueni kwa mkono kwanza, ya njano muitenge, maana kazi yake ni ya mtambo wa povu (unaotenga madini kwa kuyaelesha) na si ya pipa la asidi.

Sasa kiasi. Asidi haichagui, inakula chochote kitakachoipokea. Kila kilo 1 ya shaba iliyo kwenye malakaiti inahitaji kilo 1.54 za asidi kamili. Tani moja ya mawe yako ina kilo 42 za shaba. Tuseme 36 zinatoka, asidi yake ni kilo 55. Hapo ungefurahi. Lakini kuna kilo 60 za CaO, na kama zote zimo kwenye jiwe la chokaa zitakula kilo 105. Yaani theluthi mbili ya asidi utakayonunua inakwenda kutengeneza jasi, na jasi hiyo inaganda juu ya chembe za malakaiti na kuzuia asidi isifike ndani. Hasara mara mbili.

Jumla ni kilo 160 kwa tani, na ukiongeza inayobaki majini na inayoliwa na udongo, panga 180 hadi 200. Kilo 160 ni kama lita 89 za asidi ya 98%. Ukitaka kufanya kazi hiyo kwa asidi ya betri, ambayo ni kama 36% tu, ni karibu lita 350 kwa kila tani. Usiingie huko.

Njia ya kupunguza ni nyundo na macho. Mishipa myeupe ya chokaa ionekane ipasuliwe itupwe kabla ya karasha (mashine ya kuponda mawe). Chokaa ikishuka kutoka 6% hadi 3%, umeokoa zaidi ya kilo 50 za asidi kwa tani bila kununua kitu.

Fanya jaribio la ndoo kabla ya kuagiza chochote. Saga kilo 5 za mawe zipite chekeche ya milimita 6, weka kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20 na maji lita 10. Ongeza asidi kidogo kidogo huku ukikoroga, ukiandika kila mililita, ushikilie pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unapanda) kati ya 1.5 na 2 kwa saa 48. Asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Povu litapanda kwa nguvu mwanzoni (ni kaboni dioksaidi), kwa hiyo usijaze ndoo. Mwisho wa saa 48 asidi uliyotia, zidisha mara 200, hiyo ndiyo hesabu yako ya tani. Hesabu ya ndoo naiamini kuliko ya kwangu ya kwenye karatasi.

Kwa kazi kubwa, bwawa la zege lililotandikwa plastiki nene, au simtanki. Zege tupu asidi itaitafuna, na bomba la bati la zinki halimalizi wiki. Pampu ya kuzungusha maji iwe ya plastiki. Kama mawe yana udongo mfinyanzi mwingi, maji hayatapita katikati, yatatafuta njia ya pembeni na katikati patabaki kijani. Udongo huo uchekechwe uoshwe kando kwa kukorogwa kwenye pipa.

TanuriMoto

Naunga mkono. Tanuri kwa mawe ya 4.2% ni kuchoma mkaa bure. Kwenye tani moja, zaidi ya kilo 900 ni mwamba tu, na mwamba huo wote lazima uyeyuke uwe mavi ya chuma (ile takataka nyeusi kama kioo) ndipo matone ya shaba yapate nafasi ya kuzama na kukutana chini. Shaba yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 1085, lakini ukifika 1085 na mwamba ukabaki mgumu, unapata chembe za shaba zilizonasa ndani ya jiwe la kuungua. Wengi wanaishia hapo, halafu wanalaumu mkaa.

Hapa ndipo chuma chako cha 9% kinapata maana. Kukiuza kama chuma, sahau. Lakini tanurini, oksaidi ya chuma ikikutana na mchanga wa kwatzi kwa uwiano wa karibu 70 kwa 30, mchanganyiko unayeyuka karibu na nyuzi 1200, joto ambalo mkaa na mvukuto mzuri vinalifikia. Tatizo ni kwamba kilo 90 za chuma kwenye tani yako zinatosha kuyeyusha kilo 50 hivi za kwatzi, na wewe pengine unazo mamia. Ungelazimika kuongeza mawe ya chuma kwa wingi. Ukichambua kwa mkono ukapata kilo mia kadhaa za malakaiti tupu ya shaba 20% au zaidi, hapo tanuri dogo linaeleweka.

Angalizo moja kwa atakayeyeyusha: mkaa ukizidi na hewa ikawa ndogo, chuma nacho kinajitoa kwenye oksaidi na kuingia ndani ya shaba. Chuma kinayeyuka kwa 1538, kwa hiyo kinaganda sakafuni mwa tanuri kama kigaga kizito, na shaba inayotoka inakuwa ngumu, inapasuka ukiigonga. Dawa yake ni kupunguza mkaa na kuongeza kwatzi kidogo ili chuma kirudi kwenye mavi.

Kuhusu chuma chenyewe, wazee wetu walielewa hesabu hii vizuri. Wafipa kule Rukwa walijenga malungu (matanuri) ya udongo marefu kama mita 3 yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma hakikuyeyuka humo hata kidogo. Kilitoka bonge lenye vinyweleo lililojaa mavi, likapelekwa kwenye kintengwe, tanuri dogo la mivukuto, kusafishwa kabla ya nyundo. Sehemu kubwa ya chuma cha kwenye jiwe ilipotelea kwenye mavi, ndiyo maana walihitaji mawe tajiri. 9% isingewashughulisha.

MbaleYaKijani

Shukrani sana wakuu. Jaribio la ndoo tumefanya. Maji yalitoka ya buluu safi tukafurahi, tukatumbukiza misumari humohumo kwenye ndoo. Shaba ilianza kushika lakini kesho yake maji yakawa ya rangi ya kutu na chini kuna tope la kahawia limechanganyika na shaba. Karatasi ya pH inaonyesha 4. Tumekosea wapi?

Mchenjuaji

Mmekosea mawili. La kwanza, misumari mmeiweka na mawe yakiwa bado ndani. Chokaa iliyobaki iliendelea kula asidi usiku kucha hadi pH ikafika 4. La pili linatokana na hilo: msumari unapotoa shaba, wenyewe unaingia majini. Kwenye pH 2 chuma hicho kinakaa majini kimetulia. Ikipita 3, kikikutana na hewa kinageuka kutu na kushuka, ndilo tope lenu.

Utaratibu ni huu. Mimina maji ya buluu kwenye chombo kingine, yachuje yawe maangavu, rudisha pH iwe 2. Chuma kiwe chembamba chenye uso mwingi: makopo yaliyochomwa moto rangi na bati vikaisha, au nyuzi za mashine ya kukerezea zilizochomwa kuondoa mafuta. Mafuta yakibaki shaba haishiki. Ekseli nene inachukua siku nyingi. Chuma cha pua hakifanyi kazi. Mabati ya zinki ya kuezekea yanatoa shaba lakini yanakujazia zinki kwenye maji taka. Chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini, kinaacha unga mweusi wa kaboni ndani ya shaba.

Kwa nadharia kilo 1 ya shaba inataka kilo 0.88 za chuma. Kwa vitendo ni 1.5 hadi 2.5, kwa sababu asidi iliyobaki nayo inakula chuma ikitoa mapovu ya haidrojeni, na chuma kilichokwisha pata kutu majini nacho kinakula chuma kipya. Kwa kilo 36 za shaba andaa kilo 60 hadi 80. pH ikiwa chini ya 1.5 utaona mapovu mengi kuliko shaba. Hiyo ni asidi na chuma vinapotea pamoja.

Maji yatembee. Tengenezeni mfereji wa mbao uliotandikwa plastiki, wenye mteremko mdogo, chuma kikae juu ya wavu wa plastiki. Kila baada ya saa chache tikiseni chuma ili ganda la shaba lidondoke chini ya wavu. Likiachwa linaziba na kazi inasimama. Kujua mmemaliza, chukueni glasi ya maji ya mwisho wa mfereji, tumbukizeni msumari uliosuguliwa msasa ukang'aa. Ukikaa dakika tano bila kuwa mwekundu, shaba imeisha. Kama bado una shaka, tia matone ya amonia: buluu iliyokolea maana yake bado ipo.

Shaba hiyo ya unga osheni kwanza kwa maji yenye asidi kidogo, kisha maji safi, kamueni, kausheni haraka kwa moto mdogo. Ikianikwa juani ikiwa mbichi inakuwa kahawia na baadaye kijani, unarudi ulikotoka. Tegemeeni usafi wa 70 hadi 85%.

Kathodi

Salamu kutoka Likasi, Kongo. Mawe yetu Katanga nayo yana dolomaiti (jiwe linalokula asidi kama chokaa) nyingi kwenye baadhi ya machimbo, kwa hiyo kilio cha asidi tunakifahamu. Ninaongeza jambo ambalo halijaguswa: njia ya chuma chakavu hairudishi asidi hata tone. Njia ya umeme inarudisha. Kila kilo 1 ya shaba inayoganda kwenye kathodi (bamba la upande hasi wa umeme), kilo 1.54 za asidi zinazaliwa upya majini, unarudi nazo kwenye mawe. Kiwanda cha Shituru hapa Likasi kilianza kuloweka kwa asidi na kuvuta kwa umeme tangu 1929.

Lakini maji yenu hayako tayari kwa umeme. Kilo 36 kwenye lita 2,000 ni gramu 18 kwa lita, na yana chuma. Chuma kinakwenda anodi (bamba la upande chanya) na kurudi kathodi, kila safari kinakula umeme bila kuleta shaba. Unatakiwa kuwa na zaidi ya gramu 30 kwa lita na chuma kidogo, na viwanda vinafika huko kwa kuitoa shaba kwenye maji kwa kimumunyisho kilichochanganywa na mafuta ya taa. Kwa tani 60 gharama hiyo hailipi. Kwa hiyo kaeni na chuma chakavu, umeme utumieni mwishoni kusafishia.

Kusafisha ni hivi. Yeyusheni shaba ya unga kwenye chungu cha grafaiti kwa nyuzi 1200, pamoja na unga wa mkaa, boraksi na mchanga kidogo. Ondoeni mavi ya juu. Pulizeni hewa juu ya shaba ili chuma kilichobaki kiungue, ondoeni tena, kisha zamisheni mti mbichi ndani: mvuke na gesi zake zinatoa oksijeni iliyobaki. Msiruke hatua hii. Shaba hiyo ndiyo itakuwa anodi, na anodi ya 85% ikiwekwa kwenye umeme inajifunika tope ndani ya muda mfupi na mkondo unakufa. Lengo ni 98 au 99%.

Maji ya beseni la umeme: shaba gramu 40 hadi 50 kwa lita, asidi 150 hadi 200, joto karibu nyuzi 55 hadi 60. Mkondo ampea 200 hadi 250 kwa mita mraba ya kathodi. Beseni moja ni kama volti 0.3 tu. Ampea 100 kwa saa 24 zinaleta kilo 2.7 hivi. Msifanye kosa la kuongeza ampea kwenye beseni moja, shaba inatoka kama matawi ya mti, inagusa anodi na kupiga shoti. Ungeni mabeseni kumi kwa mfuatano, mkondo uleule wa ampea 100, volti 3 jumla, mnapata kilo 27 kwa siku.

Fedha sasa. Samahani, lakini kwa njia ya asidi fedha haiji. Karibu yote inabaki kwenye marudio (mawe yaliyokwisha kulowekwa), na maji yenye chumvi yanaigandisha hukohuko. Kwa tani 60 ni kilo 2.28 tu. Fedha inafuata shaba pale tu mawe yanapoyeyushwa tanurini, na hapo ndipo linapoingia tanuri dogo alilolitaja TanuriMoto. Pimeni mawe ya kijani na ya njano kila moja peke yake. Kama fedha imekusanyika kwenye yale mliyoyachambua, hayo yayeyushwe, na fedha itadondoka chini ya anodi kama tope jeusi.

Tope hilo linaoshwa, linayeyushwa kwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nje kabisa mahali penye upepo, maana moshi wa kahawia unaharibu mapafu na madhara yanaweza kuja saa kadhaa baadaye. Chuja. Tia maji ya chumvi: fedha inashuka nyeupe kama maziwa yaliyoganda, shaba inabaki majini ya buluu. Osha hadi buluu iishe kabisa. Mweupe huo ukiachwa kwenye mwanga unakuwa wa zambarau, msishtuke. Uwekeni kwenye maji yenye asidi ya salfuriki kidogo pamoja na misumari, utageuka unga wa kijivu, ambao ndio fedha. Ondoa misumari, osha, kausha, yeyusha na boraksi juu kidogo ya nyuzi 962. Msitumie amonia kwenye fedha mkaiacha ikakaa. Mabaki yake yakikauka yanalipuka kwa kuguswa tu.

BintiMaabara

Ndugu zangu, hakuna aliyeuliza arseniki (sumu inayoweza kuwemo kwenye mawe), na mwuliza swali hajaipima. Ipimeni kabla ya msumari mwingine kuingia kwenye asidi. Haidrojeni inayotoka kwenye chuma na asidi ikikutana na arseniki inazaa gesi ya sumu iitwayo asini. Wakati mwingine inanuka kama kitunguu saumu, lakini inaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu yoyote. Inavunja chembe nyekundu za damu. Mtu akianza kuumwa kichwa na tumbo, kisha mkojo ukawa mwekundu, ni hospitali saa hiyohiyo. Mifereji ya chuma iwe nje kwenye upepo, isiwe kwenye banda lililofungwa, na moto wa sigara uwe mbali kwa sababu ya haidrojeni. Na bwawa la kulowekea lililochimbwa ardhini, mtu asishuke ndani povu likitoka. Kaboni dioksaidi inatulia chini na mtu anaanguka bila kelele.

La pili ni kwa wenye mabwawa ya sayanaidi ya dhahabu. Marudio haya ya shaba yenye fedha yatawatamanisha. Marudio yenye asidi yakiingia kwenye sayanaidi yanatoa gesi inayoua kwa dakika chache. Hata yakioshwa na kutiwa chokaa, shaba iliyobaki itakula sayanaidi yote kabla fedha haijaguswa. Yaacheni.

La tatu, maji yanayobaki baada ya shaba kutoka. Yamejaa salfeti ya chuma. Kilo 70 za chuma zinataka kilo 93 za chokaa iliyozimwa, karibu mifuko minne ya kilo 25 kwa kila tani ya mawe. Tia chokaa hadi pH 8 au 9, koroga huku ukipuliza hewa ndani hadi tope la kijani libadilike kuwa la kahawia, liache litulie. Maji ya juu mnaweza kuyarudisha kazini. Gharama hii iingie kwenye hesabu tangu mwanzo, isiwe ya kufikiria baada ya kuuza. Hata shaba kidogo sana inaua samaki mtoni.

Na karatasi: leseni ya uchimbaji mdogo haiwapi ruhusa ya kuchenjua kwa kemikali. Tume ya Madini kwa leseni ya uchenjuaji, NEMC kwa mazingira, na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kununua na kutunza asidi. Vipimo vya arseniki na shaba inayoyeyuka mnaweza kupeleka GST (taasisi ya jiolojia ya serikali) Dodoma, hamko mbali.

MbaleYaKijani

Dada, asante mno, hilo la arseniki hatukuwa nalo kabisa. Je, tukiishia kwenye mrututu (salfeti ya shaba) badala ya shaba ya unga? Wakulima wa kahawa wanautumia na chokaa kunyunyizia.

Mchenjuaji

Inawezekana, kilo 1 ya shaba inatoa kilo 3.9 za mrututu. Ila usichemshe yale maji ya kwanza moja kwa moja, chuma kitaganda pamoja nao na fuwele zitatoka za kijani hafifu. Pitia shaba ya unga kwanza: ichome kwenye sufuria ya chuma hadi iwe nyeusi yote, iyeyushe kwenye asidi ya moto ya 20%, chuja ikiwa moto, acha ipoe taratibu usiku mzima. Fuwele za buluu iliyokolea zitakua pembeni mwa ndoo. Maji yanayobaki rudisha kwenye kundi linalofuata mara tatu au nne, kisha yapeleke kwenye mfereji wa chuma kwa sababu uchafu unakuwa umejikusanya humo.

Ila hiyo iwe baada ya majibu ya arseniki. Mrututu wa shambani wenye arseniki usiuuze kwa mtu yeyote. Lete namba mbili hapa, arseniki na shaba inayoyeyuka, halafu tupige hesabu ya asidi ya tani 60 pamoja.